Kwa nini mtu yule yule anatenganisha taka akiwa nchi moja, akihamia nyingine anatupa ovyo?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mada ya taka ikiletwa humu haimalizi ukurasa wa kwanza kabla mtu hajaandika "wenzetu wamestaarabika, sisi bado sana", na mjadala unafia hapo. Naleta uzi huu kuipinga kauli hiyo. Watu wengi hutenganisha taka au huzitupa ovyo kwa kufuata mpangilio waliokutana nao: nani analipia uchafu, pipa liko wapi, na chupa tupu ina thamani kwa nani. Wema au ubaya wa mtu unachangia kidogo sana. Badilisha hayo matatu uone kama watu wale wale hawatabadilika.

Tuanze na Lithuania. Kabla ya 2016, chupa za plastiki za vinywaji zilizokuwa zikikusanywa ni kama theluthi moja tu. Februari mwaka huo wakaanzisha amana ya senti 10 za euro kwa kila chupa na kopo: ukinunua unalipa, ukirudisha unarudishiwa. Kufikia mwisho wa 2017, zaidi ya 90% zilikuwa zinarudi. Hakuna taifa linalostaarabika kwa miezi ishirini na kitu. Walichopata ni senti 10 na mashine ya kupokelea chupa dukani.

Sasa Japani, ambayo ndiyo hutajwa kwanza kila mara. Pale Kamikatsu, mji mdogo wa milimani kwenye kisiwa cha Shikoku, watu hutenganisha taka kwa makundi zaidi ya 40. Gari la taka halipiti. Kila mtu huosha, hukausha na kupeleka mwenyewe kituoni, na takriban 80% ya taka zao hurejelezwa, yaani hurudishwa kutumika upya. Picha za pale zimezunguka dunia nzima. Lakini ichukue Japani yote kwa ujumla: kiwango cha kurejeleza taka za manispaa ni kama 20% tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki huchomwa kwenye matanuri. Ndiyo maana katika miji mingi ya huko swali la kwanza ukishika taka ni "hii inaungua au haiungui?" Unadhifu wa kutenganisha ni jambo moja, kurejeleza ni jambo jingine, na sisi tunayachanganya.

Halafu kuna Kairo. Kwa miongo mingi wazoa taka wanaoitwa Zabbaleen wamekuwa wakipanda ngazi hadi mlangoni, wanachukua kapu zima lilivyo, wanalipeleka mtaa wa Manshiyat Naser na kuchambua kila kitu kwa mkono. Inakadiriwa kwamba walichokuwa wakikusanya walikirejeleza kwa karibu 80%, sawa na Kamikatsu. Na mwenye nyumba hakutenganisha hata karatasi. Huyo mwenye nyumba wa Kairo ana ustaarabu au hana? Swali lenyewe halina maana.

Naomba kuwasilisha. Mawe yaje.

KapuTupu

Mkuu, naunga mkono hoja, ila nakuongezea nyama upande wa Ujerumani ninakoishi.

Huku amana ya chupa na makopo ya kutumika mara moja ni senti 25 tangu 2003. Mashine iko mlangoni mwa duka. Unaingiza chupa kitako mbele, inazungushwa ndani mpaka msimbo usomeke, unasikia inavyopondwa, namba kwenye kioo inapanda. Ukimaliza unabonyeza kitufe, inatoka risiti, unakwenda nayo kaunta. Ukiiponda chupa mwenyewe kabla ya kuileta, msimbo hausomeki na mashine inakutemea chupa yako. Kwa hiyo utamwona mtu mzima, suti yake safi, anaipuliza chupa ya plastiki irudi umbo lake. Hiyo ndiyo senti 25 inavyofanya kazi.

Lakini ile asilimia 98 inayotajwa kwamba inarudi, msidhani wote ni wanunuzi wenyewe. Kuna watu wanaozunguka stesheni, bustanini na nje ya viwanja vya mpira wakiokota chupa za wenzao. Wengine ni wazee wa pensheni ndogo. Mazoea yaliyojengeka ni kwamba ukinywa ukiwa njiani huitupi chupa ndani ya pipa, unaiweka chini pembeni yake ili mwokotaji asichovye mkono kwenye uchafu. Baadhi ya miji imefunga hadi pete za chuma kwenye nguzo za mapipa kwa ajili ya kusimamishia chupa hizo.

Sasa njoo kwenye pipa la njano la vifungashio kwenye jengo la ghorofa lenye familia nyingi. Hakuna senti, hakuna anayejua nani kaweka nini. Utakuta nepi, viatu, hata pasi ya umeme. Wajerumani wale wale, wakuu.

MzeeWaNidhamu

Mnaukwepa ukweli kwa maneno mengi. Japani baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, mapipa mengi ya hadharani yaliondolewa. Mpaka leo unaweza kutembea muda mrefu bila kuona pipa. Barabara zimejaa taka? Hapana. Mtu anaweka karatasi yake kwenye begi anarudi nayo nyumbani. Hapo mpangilio uko wapi? Hakuna pipa, hakuna malipo, hakuna mashine. Ni malezi. Watoto wao wanafagia madarasa wenyewe shuleni. Mashabiki wao wameokota taka viwanjani kwenye Kombe la Dunia, mechi imekwisha, hakuna aliyewatuma.

Mleta uzi ajibu hilo kwanza.

Mleta uzi

Mzee, hapo umenibana kweli, na siwezi kusema malezi hayafanyi kitu. Ila malezi yenyewe yalijengwa, na yana tarehe.

Rudi Tokyo ya miaka ya 1960. Jiji lilikuwa linamwaga taka zake kwenye kisiwa cha kujaziwa kiitwacho Yumenoshima, upande wa baharini wa wilaya ya Koto. Kiangazi cha 1965 mainzi kutoka kwenye jalala lile yalivamia shule na nyumba za Koto. Mwaka 1971 gavana Minobe akatangaza rasmi "vita vya taka". Wilaya ya Suginami, ya watu wenye nafasi zao, ikawa inagoma kujengewa tanuri kwake, na wakazi wa Koto wakatoka barabarani kuyazuia magari ya taka ya Suginami yasipite. Hao ndio hao hao tunaoambiwa walizaliwa nadhifu.

Kilichofuata ni makubaliano kwamba kila wilaya ibebe mzigo wake. Kisha zikaja kalenda za taka na mifuko inayoonyesha kilichomo ndani. Ukichanganya, mfuko wako unaachwa palepale kituoni na karatasi yenye maelezo imebandikwa, na majirani wote wanapita wanauona. Huo ni mpangilio mkali kuliko faini. Faini unalipa unasahau. Mfuko wako uliokataliwa uko pale tangu asubuhi.

Na mapipa hayakuisha kabisa, mzee. Ya chupa na makopo yapo pembeni ya mashine za kuuzia vinywaji. Kinywaji na pipa lake viko mahali pamoja.

BintiMakini

Naona mmeisahau Taiwan, nami ndiyo naipenda kuliko zote.

Miaka ya tisini majalala yake yalifurika hadi watu wakawa wanakiita kisiwa cha taka. Sera waliyokuja nayo ni kwamba taka hazigusi ardhi. Hakuna kuacha mfuko nje ya mlango. Gari la njano linakuja jioni kwa saa maalumu likipiga muziki, mara nyingi ule wa piano wa Beethoven ambao kila mtu anaufahamu hata kama hajui jina lake. Watu wanashuka na mifuko mikononi, wanasimama pembezoni mwa barabara wakipiga soga, gari likisimama kila mmoja anarusha wake. Nyuma yake linafuata gari la vitu vya kurejelezwa. Mabaki ya chakula nayo yana ndoo zake: yaliyopikwa kwa miaka mingi yalilishwa nguruwe, mabichi kama maganda huenda kuwa mboji.

Na Taipei tangu 2000 mfuko wa taka za kawaida lazima uwe ule rasmi wa jiji, unaouzwa. Vya kurejelezwa unapeleka bure. Yaani kila kopo ulilolitenga limekuokolea nafasi kwenye mfuko uliolipia. Uswisi nako sehemu nyingi ni hivyo hivyo, mfuko wa taka unalipia kodi, na ukitupa kwa kificho bila mfuko rasmi kuna maofisa wanaofungua takataka zako kutafuta bahasha yenye jina na anwani.

Kifuniko

😂😂 BintiMakini umenikumbusha nguruwe wa Shanghai.

Julai 2019 Shanghai ilifanya kutenganisha taka kuwa lazima, makundi manne: taka mbichi, taka kavu, za kurejelezwa na za sumu. Kosa kwa mtu binafsi faini hadi yuan 200. Mapipa yanafunguliwa saa maalumu tu, na kuna mtu kasimama pale na fulana yake anakuuliza "hii ni taka ya aina gani?" Watu walichanganyikiwa hasa. Ndipo ukazuka mtandaoni utani ambao watu waliushika haraka kuliko vipeperushi vya serikali: anachoweza kula nguruwe ni taka mbichi, ambacho hata nguruwe hali ni kavu, akila anakufa ni ya sumu, na unachoweza kuuza ukapata hela ya kununua nguruwe ndicho cha kurejelezwa.

Sijaona mwongozo wa taka uliofupishwa vizuri hivyo.

Mleta uzi

Na nguruwe ndiye aliyeibomoa Kairo, ngojeni nimalizie.

Zabbaleen walikuwa wanafuga nguruwe kwa mabaki ya chakula waliyoyakusanya. 2003 jiji lilikwisha kuingia mikataba na kampuni za kigeni, zikaweka mapipa barabarani na kutaka wakazi washuke na taka zao wenyewe. Watu waliozoea kuchukuliwa mlangoni hawakushuka. Kisha 2009, kwenye hofu ya mafua ya nguruwe, serikali ikaamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, kama laki tatu hivi. Wazoa taka wakabaki na vyakula vinavyooza visivyo na wa kuvila, wakawa wanachukua plastiki na karatasi na kuacha mabaki. Mitaa ikajaa.

Tabia ya wakazi haikuwa imebadilika hata kidogo, na jiji likachafuka. Mzee wa Nidhamu, hapo malezi ya nani yaliharibika?

MzeeWaNidhamu

Sawa, la Kairo nakupa. La Japani bado tunadaiana.

Sina_Imani

Mimi nitasema ambalo wengi mnaliogopa. Kutenganisha ni maigizo. Nimeona kwa macho yangu mapipa matatu ya rangi tatu yakimwagwa kwenye gari moja. Siku hiyo ndiyo niliacha. Na hata kinachokusanywa vizuri kinaishia kupakiwa meli kwenda kwa maskini.

BintiMakini

Ndugu yangu, la gari moja wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine macho yanadanganya, maana yapo magari yenye vyumba viwili ndani, yanayobeba aina mbili kwa safari moja. Lakini nakuelewa. Imani ikivunjika kwenye taka hairudi kwa tangazo la redioni.

La meli hukukosea, ila limebadilika. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilipeleka plastiki na karatasi zao China. Mwanzoni mwa 2018 China ikafunga mlango kwa aina 24 za taka, zikiwemo plastiki za majumbani na karatasi zisizochambuliwa. Marekani iliumia sana. Kule miji mingi hutumia pipa moja kwa vyote vya kurejelezwa, karatasi, vioo, makopo. Ni rahisi kwa mwenye nyumba, kwa hiyo watu wanashiriki. Ubaya wake kioo kinavunjikia kwenye karatasi, chupa yenye mabaki inalowesha maboksi, na mwishoni mzigo hauna mnunuzi. China ilipokataa, kuna halmashauri zilizositisha huduma na nyingine zikapeleka mzigo jalalani au kwenye tanuri.

Na hiyo hiyo Marekani ina majimbo 10 yenye amana ya chupa, Oregon ikiwa ya kwanza, sheria yake ni ya 1971. Michigan inalipa senti 10. Unavuka mpaka wa jimbo, lugha ile ile, duka la jina lile lile, na kopo tupu linageuka kutoka kitu cha kuokotwa kuwa kitu cha kutupwa.

Mleta uzi

Dada, hapo umepiga mule mule. Mfano mwingine wa majirani ni Wales na England. Wales inarejeleza zaidi ya 65% ya taka za manispaa, iko miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. England iko kwenye 44 hivi. Wales waliziwekea halmashauri zao malengo ya kisheria yenye adhabu, na mabaki ya chakula yanachukuliwa kila wiki kwenye ndoo yake. England kwa miaka mingi kila halmashauri ilijiamulia rangi za mapipa na nini kinakubalika, ukihama mtaa wa pili unaanza kujifunza upya. Ndiyo wanajaribu kusawazisha sasa hivi.

Sina Imani, nakubaliana nawe jambo moja kubwa: plastiki ndiyo inayowaponza wote. Kwa taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa hadi 2015, zilizorejelezwa zinakadiriwa kuwa 9% tu. Alumini ni habari nyingine kabisa. Kuiyeyusha upya kunaokoa kama 95% ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye udongo wake, ndiyo maana Brazili zaidi ya 95% ya makopo yanarudi, kazi kubwa ikifanywa na waokotaji wanaoitwa catadores, ambao serikali iliwaorodhesha kama watu wenye kazi rasmi mwaka 2002. Kopo linajiokota lenyewe kwa sababu lina bei. Kifuko chembamba hakina bei popote, kwa hiyo Rwanda 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019 waliamua kukipiga marufuku badala ya kuhangaika kukikusanya. Kwa kitu kama kile naona walikuwa sahihi.

Kifuniko

Swali la jina langu. Kifuniko cha chupa ya plastiki, unakiacha au unakitoa? Kila nchi ninayosoma inasema lake.

KapuTupu

Na kila nchi iko sahihi kwake. Japani unakitoa, unabandua na lebo, unasuuza chupa na kuikanyaga. Kifuniko kinakwenda kwenye kundi lake kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine na chupa, nao wana nia ya kupata chupa safi kabisa. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 kifuniko lazima kishikamane na chupa hata ukiifungua, kwa kuwa vilikuwa vinaishia fukweni. Huku viwanda vinasagasaga vyote pamoja, kisha vipande vinatiwa majini: vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea.

Vitu vingine vinavyowachanganya watu wakihama: ile pembetatu yenye namba chini ya chupa haimaanishi kitu hicho kinarejelezwa. Inakwambia tu ni plastiki ya aina gani. Ile alama ya mishale miwili ya kijani nayo inamaanisha mtengenezaji amechangia gharama za ukusanyaji, basi. Plastiki nyeusi mitambo mingi haiioni, kwa sababu rangi yake inameza miale inayotumika kuitambua. Glasi ya kunywea na bakuli la kioo la kuokea kwenye oveni havichanganywi na chupa za kioo, vinayeyuka kwa joto tofauti.

Betri usiweke kwenye pipa lolote la nyumbani. Zinawaka ndani ya magari.

Mgeni_wa_Jukwaa

Wakuu mimi nina la kuuliza kuhusu nje ya nyumba. Nyumbani kwangu natenganisha vizuri tu. Nikiwa stesheni natupa chochote kwenye tundu la kwanza. Ni uvivu?

Mleta uzi

Mkuu, hilo halikuhusu wewe peke yako. Nyumbani una sehemu ya kuosha, una muda, na kesho utaulizwa. Stesheni una begi, treni inaingia, na hakuna anayekujua. Kinachosaidia pale ni tundu lenyewe. La duara dogo linapokea chupa au kopo na linakataa mfuko wa mabaki, mwanya mwembamba unapokea karatasi. Mkono unaamua kabla kichwa hakijasoma maandishi. Pipa la kurejeleza likisimama peke yake, bila la taka za kawaida pembeni, siku mbili tu limejaa kila kitu. Yakikaa pamoja angalau watu wana pa kuchagua.

Korea Kusini wamelipeleka hili mpaka kwenye mabaki ya chakula. Kwenye majengo mengi kuna pipa linalofunguka kwa kadi ya mkazi. Unamimina, linapima uzito, unatozwa kwa uzito huo. Watu walianza kukamua maji kwenye mabaki yao kabla ya kushuka nayo.

Sina_Imani

Hilo la kukamua maji nimelipenda. Sijasema nimerudi kutenganisha, ila nimelipenda.

Mgeni_wa_Jukwaa

Asanteni. La mwisho kabla sijahamia kwa KapuTupu mwezi ujao: vioo mnavitenga vyeupe, kahawia na kijani. Chupa ya bluu inaingia wapi?

KapuTupu

Ya kijani. Kijani ndicho kinachovumilia rangi ngeni, nyeupe hata vipande vichache vinaiharibu. Na usiende Jumapili wala usiku, kelele za vioo haziruhusiwi, jirani atakutolea kichwa dirishani.